Kitufe Kimepotea Kwenye Word: Namna ya Kukitafuta Kabla Hujaifuta Programu

Mwezi wa saba uliopita, asubuhi ambayo baridi ya Mbeya ilikuwa bado haijatuachia vidole vya kuchapia, aliingia dukani kwetu mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyebakiza siku tatu tu kukabidhi tasnifu yake. Kichupo cha Zotero, ambacho ndicho alichokuwa akikitumia kuingiza marejeo yake yote, kilikuwa kimetoweka kwenye Word. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amepitia kwa fundi mmoja, naye fundi akaifuta Office yote na kuiweka upya kwa bando la mwanafunzi mwenyewe, lakini programu ilipofunguka kichupo bado hakikuwapo. Sisi tulikirudisha kwa muda usiozidi dakika mbili, tena bila intaneti.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kina kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote katika kazi hii ya steshenari: mtu akikikosa kitufe, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba programu imeharibika. Mara nyingi programu ni nzima kabisa. Kitufe kimefichwa, au kipo lakini kimefifia kwa sababu maalumu, au hakimo kabisa katika toleo unalolitumia, ama kwa kuondolewa ama kwa kutowahi kuwapo, na kila hali kati ya hizo ina dawa yake. Zaidi ya hayo, Word huhifadhi mipangilio ya vitufe katika eneo la mtumiaji ndani ya Windows, siyo ndani ya programu yenyewe, na kwa hiyo unaweza kuifuta Office na kuirudisha mara tatu, ukaukuta ulemavu uleule unakusubiri.

Majina ya vitufe nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye kioo, yaani kwa Kiingereza, kwa kuwa kompyuta karibu zote zinazopita mikononi mwetu zimewekwa katika lugha hiyo. Maelezo yanahusu Word ya Windows kuanzia toleo la 2013.

Tazama kwanza umekosa nini

Kabla ya kugusa chochote, angalia sehemu ya juu ya dirisha na ujiulize ni nini hasa kisichoonekana. Ikiwa unayaona maneno ya vichupo, yaani “Home”, “Insert” na wenzake, lakini chini yake hakuna vitufe hata kimoja, basi utepe, yaani ule ukanda wa vitufe ulioko juu, umekunjwa tu. Bonyeza Ctrl pamoja na F1 na utafunguka. Katika kompyuta nyingi za mpakato safu ya F1 hadi F12 imepewa kazi za sauti na mwanga, kwa hiyo huenda ukalazimika kushikilia na kitufe cha Fn. Utepe hukunjwa pia kwa kubofya jina la kichupo mara mbili, na hilo ndilo linalowapata wengi: mtu amezoea kufungua folda kwa kubofya mara mbili, akifika kwenye “Home” anafanya vivyo hivyo kwa mazoea, kisha anashangaa vitufe vyote vimekwenda wapi. Bofya mara mbili tena, vitarudi.

Ikiwa hata vichupo vyenyewe havionekani na waraka umejaza kioo kizima, uko katika hali ya kioo kizima au katika hali ya kusomea. Bonyeza Esc kwanza. Faili zilizokuja kwa barua pepe hupenda kufunguka katika hali ya kusomea, ambapo juu unabaki na maneno “File”, “Tools” na “View” peke yake. Hapo fungua “View” na uchague “Edit Document”.

Ikiwa vichupo vipo na vitufe vipo, ila kimoja unachokijua hakionekani, pima upana wa dirisha. Word huvibana vitufe kulingana na nafasi iliyopo: kundi zima la vitufe linaweza kugeuka kuwa alama moja yenye mshale mdogo chini yake, na kitufe chako kikawa kimejificha humo ndani. Hili huonekana sana kompyuta inapounganishwa na projekta. Kioo kilichokuwa na upana wa nukta 1366 kinashuka hadi 1024, na mtoa mada aliyejiandaa vizuri nyumbani anasimama mbele ya ukumbi akikitafuta kitufe alichokitumia jana yake usiku. Panua dirisha lijaze kioo, au bofya ule mshale mdogo. Kama tatizo ni la kila siku, ingia kwenye “Settings” ya Windows, kisha “System” na “Display”, uone kama “Scale” imewekwa 150%, na uipunguze hadi 125% au 100%, ilimradi macho yako yaridhike.

Halafu kuna vichupo vya wageni, kama tunavyoviita dukani, yaani vile vinavyokuja pale tu kinapokuwapo kitu cha kuvihitaji. Vitufe vya kupaka rangi jedwali, kukata picha au kupanga kijachini havikai kwenye utepe muda wote. Bofya ndani ya jedwali, na vichupo vya jedwali vitatokea mwishoni mwa utepe. Bofya picha, na kichupo cha picha kitatokea. Anayekitafuta kitufe cha kukata picha huku kishale chake kiko kwenye aya ya maneno atakitafuta mpaka jioni.

Muulize Word mwenyewe

Kuanzia toleo la 2016, Word ina kisanduku cha kutafutia kilichoko juu ya utepe, na unakifikia kwa kubonyeza Alt pamoja na Q. Andika jina la kitufe unachokitafuta, mathalani “footnote”. Kama amri hiyo ipo katika toleo lako itatokea, na unaweza kuitumia papo hapo bila kujua imehamia wapi. Kipimo hiki kina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kinatenganisha mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana: kitufe kilichoondolewa kwenye utepe na amri isiyokuwapo kabisa. Ikiwa amri imepatikana lakini kwenye utepe haipo, mtu aliupanga upya utepe wako, labda aliyekuuzia kompyuta, labda mdogo wako.

Kuurudisha utepe katika hali yake ya awali, fungua “File”, kisha “Options”, kisha “Customize Ribbon”. Upande wa kulia utaona orodha ya vichupo, kila kimoja kikiwa na kisanduku cha tiki. Anza kwa kukagua tiki, kwa sababu kichupo kisicho na tiki hakionekani hata kama ni kizima. Kichupo cha “Developer” hakina tiki tangu mwanzo katika kila kompyuta, nacho cha “Draw” mara nyingi huzimwa katika kompyuta zisizo na kioo cha kugusa. Hivyo viwili havikupotea, havijawahi kuwashwa. Kama tiki zote ziko mahali pake na kitufe bado hakionekani, chini ya orodha kuna “Reset”, na ndani yake “Reset all customizations”. Kitendo hicho hufuta pia vitufe vyote ulivyojiwekea kwenye upau mdogo wa haraka ulioko juu, kwa hiyo ukiwa umetumia miaka kuupanga upau huo, tumia kwanza “Import/Export” iliyoko hapohapo chini ili uhifadhi nakala.

Mpangilio huo wote hukaa katika faili moja liitwalo Word.officeUI, ndani ya folda la mtumiaji, katika njia ya AppData, Local, Microsoft, Office. Ndiyo maana kufuta programu hakusaidii, na ndiyo maana pia ushauri unaozunguka sana wa kufuta kiolezo cha Normal.dotm hauponyi tatizo hili. Normal.dotm hubeba mitindo ya maandishi na makro; utepe haumo humo.

Vichupo vya programu nyongeza

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wetu, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wa vyuo vya Mbeya na Iringa hukwama, na hukwama wakati mbaya.

Zotero, Mendeley (nayo ya marejeo) na Acrobat (ya faili za PDF) si sehemu ya Word. Ni programu nyingine zinazopachika vitufe vyake ndani ya utepe kila Word inapofunguka. Ikitokea Word imeanguka wakati inafunguka, inaponyanyuka tena humtafuta wa kumlaumu, na mara nyingi lawama huiangukia programu nyongeza. Itakuuliza kwa Kiingereza kama ungependa kuizima. Mtu mwenye haraka hubofya “Yes” bila kusoma, na tangu hapo kichupo hakitokei tena. Kwa wanaotumia kompyuta za mezani zisizo na UPS, umeme ukikatika Word ikiwa katikati ya kufunguka, matokeo yanaweza kuwa hayohayo. Mwanafunzi yule alipoulizwa alikumbuka vizuri kwamba kulikuwa na “kakaratasi” kalikotokea kioo kilipowaka, naye akakaondoa.

Orodha ya vitu vilivyozimwa namna hiyo nayo huhifadhiwa katika mipangilio ya mtumiaji, na fundi alipoiweka Office upya, Office mpya ikaisoma orodha ileile ya zamani. Njia ya kuifikia ni hii: fungua “File”, “Options”, kisha “Add-ins”. Chini kabisa ya dirisha kuna neno “Manage” na orodha ya kuchagua. Chagua “Disabled Items” na ubofye “Go”. Ukikiona unachokitafuta, kichague, bofya “Enable”, funga Word kabisa, kisha uifungue tena. Kwetu siku ile Zotero ilikuwa peke yake kwenye orodha hiyo.

Ikiwa orodha ni tupu, rudi kwenye “Manage” na uchague “Templates” kisha “Go”, uhakikishe Zotero.dotm ipo na ina tiki. Kwa Acrobat na programu nyingine nyingi utachagua “COM Add-ins” badala ya “Templates”. Kama Zotero.dotm haipo kabisa, funga Word, ifungue Zotero yenyewe, ingia kwenye “Edit” na “Settings”, au “Preferences” katika matoleo ya nyuma, kisha “Cite”, na humo utaona kitufe cha kuipachika upya kwenye Word. Mendeley Cite ina tabia nyingine: haina kichupo chake, hukaa mwishoni mwa kichupo cha “References”, na huhitaji Word 2016 au ya baadaye. Nimewahi kumwona mtu akiilaumu Mendeley nusu saa nzima kwenye kompyuta yenye Word 2010.

Kitufe kipo lakini hakibofyeki

Kitufe kilichofifia ni jambo jingine kabisa. Word inakiona, inajua ulipo, na inakukatalia kwa sababu. Kazi yako ni kuijua sababu.

Faili iliyoshushwa kutoka intaneti au barua pepe hufunguka ikiwa na mstari wa njano juu wenye maneno “Protected View”. Kama unamfahamu aliyekutumia, bofya “Enable Editing”. Kama humfahamu, uache mstari huo ulivyo. Ikiwa waraka umefungwa na mwenyewe, kama zilivyo fomu nyingi za maombi, utaona katika “Review”, ndani ya “Restrict Editing”, kitufe cha “Stop Protection”, na hapo huenda ukatakiwa nenosiri ambalo hakuna fundi wa halali atakayelibuni. Ikiwa vitufe karibu vyote vimefifia katika kila waraka, soma maneno yaliyoko juu ya dirisha: kama yanasema bidhaa haina leseni, tatizo ni leseni, na hakuna mpangilio utakaolitatua.

Mahali kishale kilipo pia ni sababu. Huwezi kuingiza tanbihi kishale kikiwa kwenye kijajuu au ndani ya kisanduku cha maandishi, na kitufe cha maoni nacho hufifia ukiwa kwenye kijajuu. Bofya mara mbili katikati ya ukurasa na uangalie tena.

Makatibu wa kamati za harusi wananijia na lao. Wameambiwa kwamba kadi za mialiko mia mbili zinaweza kuandikwa majina kwa mkupuo mmoja kupitia kichupo cha “Mailings”, wanakifungua, na wanakuta “Insert Merge Field” na “Finish & Merge” zimefifia. Vitufe hivyo havina kasoro: vinasubiri orodha ya majina. Andika majina kwanza kwenye Excel, mstari wa juu ukiwa na vichwa kama Jina na Ahadi, hifadhi na ufunge, kisha kwenye Word bofya “Select Recipients”, chagua “Use an Existing List” na uionyeshe faili hiyo. Mara tu orodha inapoingia, vitufe vinaamka. Safu ya ahadi usiiweke kwenye kadi, hilo nalisema kwa sababu limewahi kutokea.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha mwalimu wa hisabati aliyeshuka kutoka Rungwe na mtihani wake kwenye flashi. Alitaka kuandika sehemu na vipeuo, na kitufe cha “Equation” kwenye “Insert” kilikuwa kimefifia, ingawa kwenye waraka mpya kilifanya kazi vizuri. Tulisoma juu ya dirisha: baada ya jina la faili kulikuwa na maneno “Compatibility Mode”. Mtihani ule alikuwa akiurithi na kuurekebisha mwaka hadi mwaka tangu enzi za Word 2003, na bado ulikuwa katika umbo la .doc. Zana ya milinganyo ya sasa ilikuja na Word 2007 pamoja na umbo la .docx, na ndani ya .doc haifanyi kazi. Dawa ni “File”, “Info”, kisha “Convert”, na kuhifadhi. Kwanza, hata hivyo, tengeneza nakala ya faili la zamani, kwa sababu mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo.

Kitufe kikaamka. Mwalimu akajaribu kurekebisha mlinganyo mmoja wa zamani, akaubofya mara mbili, na Word ikakataa. Hapa tunaingia katika hali ya tatu, yaani kitu ambacho kweli kimeondolewa. Milinganyo ile ilitengenezwa kwa Equation Editor 3.0, ambayo Microsoft iliiondoa katika matoleo yote kupitia sasisho la Januari 2018 kwa sababu za usalama. Milinganyo inaonekana na inachapika, ila haihaririki kwa njia ile. Matoleo mapya ya Microsoft 365 hukuuliza kama unataka kuigeuza iwe ya umbo la sasa; kwa wengine inabaki kuiandika upya kwa kubonyeza Alt pamoja na alama ya =, au kutumia MathType, programu nyingine ya kuandikia milinganyo. Mwalimu aliiandika upya yote kumi na saba pale pale, akisema kwamba angalau sasa atayarekebisha na makosa ambayo amekuwa akiyarekebisha kwa kalamu kila mwaka, kisha akatuaga kwa “ndaga fijo”, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kukimbilia gari la Tukuyu.

Vitu vingine havijawahi kuwapo katika toleo lako. “Dictate”, inayoandika unachokisema, inahitaji Microsoft 365 na intaneti. “Read Aloud” haimo katika Word 2016 ya kununua mara moja. Kuingiza picha moja kwa moja kutoka kwenye skana kuliondolewa tangu Word 2010, kwa hiyo skani kwanza, hifadhi picha, kisha iingize kama picha nyingine yoyote. Word ya kwenye kivinjari na ya kwenye simu zimepunguzwa zaidi, na kulinganisha vitufe vyake na vya kompyuta ya rafiki yako ni kupoteza muda. Toleo lako utalijua kwa kufungua “File” kisha “Account”.

Yakishindikana yote

Funga Word, shikilia Ctrl, kisha uifungue huku bado umeshikilia. Itakuuliza kama unataka kuingia katika hali salama, kubali. Humo programu nyongeza haziwashwi na mipangilio yako ya utepe haisomwi. Kitufe cha Word kikionekana humo na nje kisionekane, mkosaji ni nyongeza au mpangilio, na unarudi kwenye hatua zilizotangulia ukiwa na uhakika. Kisipoonekana hata humo, sasa unayo ruhusa ya kuishuku programu. Fungua “Control Panel”, kwenye orodha ya programu chagua Office, bofya “Change”, na utapewa njia mbili. “Quick Repair” hufanya kazi bila intaneti na huchukua dakika chache, na ndiyo ya kuanza nayo. “Online Repair” hushusha upya faili za Office zenye ukubwa wa GB kadhaa, kwa hiyo ifanye mahali penye Wi-Fi, uwe umeziba mianya ya umeme kukatika katikati, na uhakikishe unayo akaunti au namba ya leseni, kwa kuwa inaweza kukudai tena.

Wanaotumia LibreOffice Writer wana njia fupi zaidi: bofya upau wa vitufe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Visible Buttons”, na uweke tiki kwenye kinachokosekana. Kama upau wote umevurugika, “Help” ina chaguo la kuwasha upya katika hali salama, na humo unaweza kurudisha mwonekano wa awali bila kuzigusa nyaraka zako.